Muuguzi Akisema Anaogopa, Muulize Anaogopa Nini

Hotuba iliyotolewa kwa wasimamizi wa wodi na wa vituo vya afya katika maadhimisho ya Siku ya Wauguzi Duniani



Wizara ya Afya ilipotangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini, tarehe 13 Machi 2020, hofu ilifika wodini kabla ya ugonjwa wenyewe. Walikuwepo wauguzi walioosha mikono hadi ngozi ikachubuka. Wengine walivua viatu nje ya mlango wa nyumbani, wakalala chumba cha peke yao, au wakawapeleka watoto mashambani kwa nyanya yao. Wapo waliovua sare kabla ya kupanda matatu ili abiria wasiwakimbie.

Huo haukuwa ulegevu wa kazi. Muuguzi ndiye anayemgeuza mgonjwa, anayemlisha, anayembadilishia shuka na kukaa karibu na pumzi yake saa nzima baada ya daktari kuondoka. Kwa hakika, msimamizi amwangalie zaidi yule asiyeogopa hata kidogo, kwa sababu huyo ndiye atakayeingia chumbani bila kufunika macho.

Kosa linalofanywa mara nyingi ni kuituliza hofu kabla ya kuisikiliza. Muuguzi anasema anaogopa, anajibiwa ajipe moyo, kwani hiyo ni wito. Hapo ananyamaza. Lakini hofu yake huwa na jina. Mmoja anaogopa kwa kuwa barakoa za N95 zimebaki chache na hajui nyingine zitakuja lini. Mwingine ni mjamzito na hajathubutu kusema. Wa tatu anamuuguza mama yake mwenye kisukari nyumbani. Wa kwanza anahitaji kuambiwa ukweli wa stoo, wa pili kubadilishiwa kituo cha kazi, wa tatu mahali pa kuoga na kubadili nguo kabla ya kuondoka. Hotuba ya kutia moyo haimsaidii hata mmoja wao.

Hata sifa za ushujaa zina hasara yake. Aliyekwisha kuitwa shujaa mbele ya watu huona haya kusema kwamba halali usiku.

Jirani zetu wa Uganda walipitia haya kabla yetu. Mwaka 2000 Ebola ilizuka Gulu, na wauguzi wa Hospitali ya Lacor wakaanza kufa mmoja baada ya mwingine. Wafanyakazi walikusanyika wakiwa na hasira na hofu, wengi wakitaka kuondoka. Mganga mkuu, Dkt. Matthew Lukwiya, hakuwakemea. Aliwaambia anayetaka kwenda aende, yeye atabaki. Wengi walibaki naye. Waliweza kumwamini kwa sababu alikuwa akiingia wodi ileile waliyoiogopa.

Lakini kisa hicho kina upande wa pili, na wasimamizi wausikie pia. Usiku mmoja Dkt. Lukwiya aliitwa kumsaidia muuguzi aliyekuwa mahututi. Alivaa barakoa, gauni na glavu, ila hakuvaa kinga ya macho. Alifariki tarehe 5 Desemba 2000. Ujasiri wake haukupungua hata siku moja. Kilichokosekana usiku ule ni mtu wa pili mlangoni wa kumwambia, daktari, macho.

Kwa hiyo wauguzi waingie na kutoka wawili wawili. Mwenzake asimame akimtazama, hasa wakati wa kuvua, maana hapo ndipo wengi hujichafua: zamu imeisha, jasho linatiririka, mtu anataka hewa. Glavu zitoke mapema, mikono isafishwe, na barakoa iwe ya mwisho, baada ya kutoka chumbani. Mazoezi hayo yarudiwe wodini hadi mikono iyajue yenyewe. Muuguzi aliyefanya jambo mara ishirini akiwa mtulivu atalifanya vizuri akiwa na hofu.

Liko pia suala la aliyechomwa sindano au aliyekaa na mgonjwa bila kinga. Akijua atafokewa, ataficha, na akificha ataambukiza wenzake wa zamu. Kila wodi iwe na jina na nambari ya simu ya mtu wa kupigiwa saa yoyote, pasipo kuulizwa kwanza nani alikosea. Ajue mapema atapimwa wapi, atajitenga wapi, na nani atashika zamu yake.

Haya yote hayahitaji kikao kirefu. Dakika 10 wakati wa kukabidhiana zamu zinatosha: msimamizi aseme glavu na barakoa zilizopo ni ngapi, hata kama idadi inatia aibu, kisha aulize nani ana jambo, na asubiri kimya kidogo. Wa zamu ya usiku wasisahauliwe, kwa sababu saa nane za usiku hakuna ofisi iliyo wazi ya kwenda kulia. Msimamizi anayelala na simu yake ikiwa imewashwa atapigiwa, na mara nyingi atakachoulizwa ni jambo dogo sana.