Mzaha Nao Unataka Maandalizi



Tarehe 1 Aprili 1957 televisheni ya BBC ya Uingereza ilionyesha makala fupi kuhusu familia moja ya Uswisi iliyokuwa ikivuna tambi kutoka mitini. Wanawake walichuma tambi hizo matawini na kuzitandaza juani zikauke. Maelezo yalisomwa na Richard Dimbleby, mtangazaji aliyeheshimika sana nchini mwake. Baada ya kipindi, watu walipiga simu wakiuliza mti huo unapandwaje. Wakati huo tambi zilikuwa chakula kigeni kwa Waingereza wengi, na sauti iliyowaeleza ilikuwa sauti waliyozoea kuiamini.

Filamu ya namna hiyo, inayovaa nguo za makala ya kweli ilhali kila kitu ndani yake kimebuniwa, ndiyo wanayotaka kutengeneza wanafunzi watano wa huku kwetu. Wamebuni kampuni inayofika kijijini na kutangaza kwamba chini ya kiwanja cha mpira cha shule kuna dhahabu. Yupo meneja anayezungumza dakika kumi bila kusema lolote. Yupo mwenyekiti wa kijiji ambaye tayari amenunua miwani ya jua. Yupo mganga anayeuza dawa ya bahati. Na yupo bibi mmoja anayeuliza swali lile lile kila mkutano: watoto watacheza wapi?

Mimi nimecheka. Tena naona wana jambo la kusema, kwani kuanzia Kahama hadi Geita hakuna mtu asiyewahi kuhudhuria mkutano wa aina hiyo. Lakini walitaka waanze kupiga picha wiki ijayo, na hapo ndipo tulipoanza kubishana. Wao walidhani kwa kuwa ni mzaha, maandalizi si kitu. Mimi nasema mzaha wa namna hii unataka maandalizi kuliko makala ya kweli. Anayetengeneza makala ya kweli huukuta ukweli umesimama pale, kazi yake ni kuuliza na kuandika. Anayebuni lazima aujenge ukweli wake mwenyewe, tofali kwa tofali, na tofali moja likilegea nyumba nzima inaanguka.

Tuanze na wahusika. Katika filamu hizi waigizaji mara nyingi hawakariri maneno. Filamu ya Kimarekani ya mwaka 1984 iitwayo This Is Spinal Tap, kuhusu bendi ya muziki ya kubuni, kwa sehemu kubwa waigizaji wake walijitungia maneno mbele ya kamera. Waliweza kwa sababu waliwajua watu wao kwa undani. Kwa hiyo kila mhusika aandikiwe historia yake: alizaliwa wapi, anadaiwa na nani, anaogopa nini. Meneja yule akiulizwa swali asilolitarajia, ajibu kama meneja, si kama mwanafunzi wa kidato cha sita anayemtazama mwenzake amsaidie.

Pili, mtu wa kuchekwa ni nani? Mwaka 2014 kule Nairobi, Hussein Kurji alitoa mchezo wa aina hii uitwao The Samaritans, kuhusu shirika la misaada la kubuni lisilofanya kazi yoyote ya maana. Waliochekwa pale ni wakubwa wa ofisini na ripoti zao. Hakuchekwa maskini anayesubiri msaada. Mwanaapolo anayetoka duarani na vumbi hadi kwenye kope amekwisha kudharauliwa vya kutosha. Mkimcheka yeye, hamjavumbua kitu.

Tatu, jina la kijiji. Katika ukanda huu habari ya dhahabu haihitaji cheti. Mtu mmoja akisema Nyarugusu au Mwakitolyo kumepatikana jiwe, kesho rashi imeanza, na shamba la mtu lina mashimo. Filamu yenu ikitaja kijiji kilichopo, na kiwanja cha shule iliyopo, mtakuwa mmewachimbia wenzenu kaburi kwa utani. Buni jina, kisha ulizia mpaka uhakikishe hakuna kijiji kinachoitwa hivyo, si Shinyanga wala Geita.

Nne ni mganga. Hapa sikutaka mjadala mrefu. Katika mikoa hii watu wenye ualbino wameuawa kwa sababu waganga waliwaambia wateja wao kwamba viungo vya binadamu vinaleta utajiri, ukiwamo wa dhahabu. Septemba 2009 Mahakama Kuu iliyoketi Kahama iliwahukumu watu watatu kunyongwa kwa kumuua mtoto mmoja mwenye ualbino. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Vicky Ntetema, aliyekuwa mwandishi wa BBC, alijifanya mfanyabiashara anayetafuta utajiri, akawaendea waganga wa Kanda ya Ziwa na kufichua biashara hiyo. Alitishiwa maisha yake. Huyo naye aliigiza, lakini aliigiza ili ukweli utoke. Mganga wa wanafunzi wetu anauza dawa, na katika hadithi yao dhahabu inaonekana siku ya pili. Wao wanaona kichekesho. Mtazamaji mmoja kijijini anaona tangazo la biashara. Niliwaambia wamwondoe, na wamekubali kumwondoa.

Tano, picha zenyewe. Agosti 1996 wachimbaji wadogo waliondolewa Bulyanhulu, Kahama. Yakatolewa madai kwamba wapo waliofukiwa wakiwa hai mashimoni. Serikali na kampuni zilikanusha. Mwaka 2002 ofisi ya malalamiko ya Kundi la Benki ya Dunia ilisema haikupata ushahidi wa madai hayo, na waliokuwa wakidai hawakuridhika. Miongoni mwa vilivyobishaniwa ni picha na mkanda wa video: zinaonyesha nini hasa, na zilipigwa wapi? Fikiri, msikilizaji, wanafunzi wakitengeneza leo picha chakavu za kuigiza watu wakifukuzwa mashimoni, halafu zikatoka mikononi mwao. Miaka kumi baadaye nani ataweza kusema ipi ni ya kweli? Kwa hiyo nimewaagiza wawe na daftari. Kila kipande kiandikwe tarehe, mahali, na nani aliigiza nini. Picha za kuigiza fukuza-fukuza ya Bulyanhulu zisiwepo kabisa. Wenye ndugu zao pale bado wapo.

Kamera imekwisha kuwaacha watu wa kanda hii na uchungu mara nyingine pia. Filamu ya Hubert Sauper ya mwaka 2004, Darwin's Nightmare, iliyopigwa Mwanza kuhusu biashara ya sangara, ilisifiwa sana Ulaya. Mwaka 2006 Rais Kikwete aliilaumu hadharani kwamba imeichafua nchi. Wapo waliomuunga mkono na wapo waliompinga. Lakini tangu hapo mtu akiinua kamera mwaloni huulizwa: unatupiga picha uzipeleke wapi? Swali hilo lina haki ya kujibiwa kabla kamera haijawashwa. Yeyote atakayeonekana, hata mama muuza uji aliyepita nyuma, aambiwe kwamba hii ni filamu ya kubuni, na akubali. Kumdanganya mtazamaji kwa nusu saa huku ukikusudia kumfunulia ni sanaa. Kumdanganya uliyempiga picha ni jambo jingine.

Sasa mambo ya mikono. Sheria Na. 4 ya mwaka 1976, inayohusu filamu na michezo ya kuigiza, inataka kibali kabla ya kutengeneza filamu, na maelezo ya hadithi huwasilishwa. Kwa hiyo andikeni hadithi kwanza, nendeni kwa ofisa utamaduni wa wilaya awaelekeze. Mwenyekiti wa kijiji apewe taarifa, na sungusungu pia. Mkiigiza watu wanakimbizana na mapanga bila kuwaambia, utapigwa mwano, na watakaofika hawatauliza kama ni mchezo. Sare za polisi msiguse.

Duarani msishuke. Oktoba 2015 kule Nyangalata, Kahama, shimo liliporomoka, na wachimbaji watano wakatolewa hai baada ya kukaa chini siku 41. Watu wazima waliozoea kazi hiyo ndio waliofukiwa, sembuse mwanafunzi anayetazama simu yake. Chimbeni shimo la kimo cha mtu, funikeni kwa turubai jeusi, washeni tochi moja. Kwenye filamu litakuwa na kina cha mita mia.

Pigeni picha asubuhi, kabla karasha hazijaanza kusaga mawe, la sivyo hamtasikia neno. Epukeni miezi ya masika. Wekeni fedha za nauli na chakula pembeni kabla ya kununua kitu chochote cha kupendezesha, maana waigizaji wenye njaa huondoka saa nane.

Limebaki ombi lao kwangu. Walitaka niwasomee maelezo ya filamu kwa sauti hii hii ninayosomea habari, ili watu waamini. Nimekataa. Mkulima anayesikia sauti hii ikisema mvua zitachelewa huahirisha kupanda. Mama anayeisikia ikitaja siku ya chanjo humbeba mtoto. Sauti hiyo si yangu peke yangu hata niiazimishe. Nimewashauri wamtafute mwenzao aigize mtangazaji, mwenye jina la kubuni na redio ya kubuni, na nimejitolea kumfundisha kusoma. Walinuna kidogo, kisha wakaanza kugombania nani atakuwa mtangazaji.

Na jambo la mwisho ni siku ya maonyesho. Zamani filamu ilikaa kwenye mkanda, na mwenye mkanda alijulikana. Leo kipande cha sekunde thelathini kinakatwa, kinatumwa Katoro kwa simu, hakina kichwa wala mkia, na meneja wa kubuni anakuwa meneja wa kweli. Kwa hiyo jina la filamu na neno «mchezo» viwe pembeni mwa picha tangu mwanzo hadi mwisho. Mtasema kichekesho kitapungua. Hakitapungua. Mtu anaweza kujua fika kwamba kampuni ile haipo, na bado akalisikia swali la yule bibi likimfuata hadi nyumbani, kwa sababu swali lile halikubuniwa.

Hadi wiki ijayo, kwaherini.