Sindano Mbalimbali, Kipimo Kimoja
Maneno kwa wafumaji, mkutano wa wanachama



Wengi wetu tulirudi kutoka kambi za Tanzania na ufundi wa kufuma mikononi. Huku Fizi, pembeni ya ziwa, joto ni kali; wanunuzi wa triko wako milimani, kwenye baridi inashika watoto asubuhi. Triko ikiwa kubwa ao ndogo, mnunuzi anairudisha. Uzi umeisha, siku zimeenda, na mama hana franka ya kutia kwenye likelemba. Njo maana leo tunaongea juu ya kipimo.

Tuseme kifua cha triko ni sentimita 80: mbele 40, nyuma 40. Karatasi inasema vitanzi 20 kwa sentimita 10, sindano namba 4, ni kusema milimita 4. Basi kila upande unaanza na vitanzi 80. Tunagawana kazi: mama mumoja mbele, mwenzake nyuma. Mwenye mukono mulegevu anapata vitanzi 18 kwa sentimita 10. Upande wake unafika sentimita 44. Mwenye kukaza anapata 22. Wake ni 36 tu. Uzi ni ule ule, sindano ni zile zile, lakini vipande havikutani.

Tufanye hivi. Mbele ya kuanza, kila mumoja afume kipande cha vitanzi 30, urefu wa sentimita 15. Akifue, akikaushe bila kukivuta, kisha ahesabu vitanzi katika sentimita 10 za katikati, maana pembeni hudanganya. Vikipita 20, achukue sindano nene zaidi kwa nusu milimita. Vikipungua, achukue nyembamba. Kisha ajaribu tena. Asilazimishe mukono: akianza kupiga habari na jirani, mukono utarudia desturi yake. Mumoja anaweza kufumia namba 3,5 na mwenzake 4,5, hakuna haya. Namba ya kila mutu iandikwe kwenye daftari la kikundi.

Kama sindano ya kufaa haipo, tubadilishe hesabu: 18 mara 40, gawa kwa 10, ni 72. Aanze na vitanzi 72 pahali pa 80.

Shida yetu iko hapa: wengi wanafumia njiti za gurudumu la baiskeli. Nyingi ni za milimita 2, nyembamba sana kwa uzi wa triko. Hivi tunachonga mianzi na kuilainisha kwa msasa. Kujua unene, panga sindano 5 za namna moja ubavu kwa ubavu. Zikijaza sentimita 2, ziko namba 4.

Wafadhili, tunawashukuru juu ya uzi. Sasa tunaomba sindano, toka namba 3 mpaka 5. Uzi mwingi bila sindano ya kufaa unazaa triko za kurudishwa.

Wanachama, juma lijalo kila mufumaji aje na kipande chake kimefuliwa. Uzi wa kazi tutagawa nyuma ya kuvipima vyote.