Mshikamano tunaouomba kwa rafiki zetu wa mbali



Mmetuuliza ni kwa namna gani mnaweza kusimama pamoja na watu wa Kivu wanaoishi chini ya jeshi lililotoka nje. Swali hili kwetu si geni. Toka Agosti 1998 tuliishi hivyo, Bukavu ikiwa mikononi mwa RCD na Rwanda, na Uganda ikishika upande wa kaskazini.

Raia hawakuwa na bunduki. Katika ujumbe wa Noeli 1999, Askofu Mkuu Emmanuel Kataliko alisema wazi kwamba wageni wanaendesha vita kwa mali ya nchi yetu, tena kwa msaada wa Wakongomani wenzetu. (Sehemu hii ya pili wengi hupenda kuisahau.) Mwisho wa Januari 2000, Bukavu ikafunga maduka na masoko, watu wakabaki nyumbani. Februari, RCD ikamzuia askofu kurudi kwake, akapelekwa Butembo. Aliporudi Septemba, umati mkubwa ulimpokea. Oktoba 4 akafariki huko Roma.

Mwisho wa Februari 2001, watu karibu 300, wengi wao Waitalia, walikuja kwenye mkutano wa amani. Walitaka kufika Bukavu. Ikashindikana, wakaenda Butembo. Vita haikuisha kwa sababu yao. Lakini watu waliokuwa wakidhani dunia imewasahau waliona wageni wasio na silaha wakija kukaa nao wakati wa hatari. Hatujasahau jambo hilo mpaka leo.

Mwaka 2025 yakarudi. Januari Goma ilianguka, Februari Bukavu, zote mikononi mwa M23. Februari 21 Baraza la Usalama, katika azimio 2773, liliitaka Rwanda iache kuwasaidia M23 na iondoe askari wake mara moja.

Sasa tuseme tunachoomba. Kwanza, msituletee chuki. Tukisema jeshi la Rwanda liondoke, hatusemi Munyamulenge au Mtutsi wa Goma aondoke. Yeye ni jirani yetu, na wako waliouawa kwa sababu ya maneno ya kizembe kama hayo. Rafiki anayepiga kelele dhidi ya kabila fulani anatuongezea makaburi.

Pili, tusaidieni kuandika. Desemba 2005 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilisema kwamba Uganda ilikuwa mkaliaji wa Ituri kwa nguvu za kijeshi. Kongo ikadai fidia ya zaidi ya dola bilioni 11. Februari 2022 mahakama ikatoa milioni 325. Kwa madai mengi, majaji walisema ushahidi hautoshi: nani alikufa, wapi, siku gani, nyumba ya nani iliyochomwa. Miaka ilikuwa imepita, mashahidi wametawanyika, karatasi zimeungua. Hasara ile haikutokana na majaji peke yao.

Kwa hiyo tunaandika mapema, kijiji kwa kijiji, pamoja na wamama wa ushirika na waalimu. Daftari tunazo, na watu wa kuandika wapo. Tunachokosa ni mahali salama nje ya nchi pa kutunza nakala, na watu wa kuzisoma bila kutangaza majina ya waliotusimulia. Kazi hiyo mnaweza kuianza juma hili.