Kudarizi Picha Ndogo kwa Uzi wa Hariri

Hotuba iliyosomwa mjini Eldoret mbele ya vikundi vya kina mama washonaji

Mimi si fundi. Kazi yangu ni kufasiri maandishi ya serikali, na sindano naishika tu pale kifungo cha shati kinapodondoka. Lakini nililelewa na shangazi aliyekuwa akidarizi, na yale niliyoyaona mikononi mwake ndiyo nitakayoyasema leo.

Kushona ni kuunga nguo kwa nguo. Kudarizi ni kutia mapambo juu ya nguo iliyokwisha kamilika. Vitambaa vya kufunikia viti na meza, vilivyodariziwa maua, vimo katika nyumba nyingi sana za nchi hii, na kazi hiyo mwaijua kuliko mimi. Ninayotaka kuieleza ni ndugu yake mdogo, yaani picha isiyozidi ukubwa wa kiberiti, yenye ndege au ua, iliyofanywa kwa uzi wa hariri mwembamba hata mtazamaji hudhani imepakwa rangi kwa brashi.

Huenda mtu akauliza, kwa nini hariri, na pamba ipo? Hariri hutoka kwa kiwavi alaye majani ya mforosadi. Akikomaa hujifunga ndani ya kifukofuko kwa uzi mmoja usiokatika, nao ukikunjuliwa hufika mamia ya mita, pengine hata elfu moja. Uzi wa pamba umesokotwa kwa nyuzi fupi fupi, kwa hiyo una vinyweleo. Wa hariri hauna, tena hung'aa, na mishono midogo yaweza kukaa bega kwa bega bila kuchafuana. Huko Suzhou, katika nchi ya China, mafundi huupasua uzi mmoja wa hariri kuwa nyuzi nyingi, na kwa nyuzi hizo hudarizi picha itazamikayo pande zote mbili za kitambaa.

Wala msidhani kwamba sisi tu wageni katika mambo haya. Padre Monclaro, Mreno aliyefika pwani yetu katika karne ya 16, aliandika habari za nguo nzuri za hariri zilizofumwa Pate, ambazo wafanya biashara walizitafuta. Na hata leo, Lamu, wako watu wanaoshona kofia kwa mkono, yenye vitundu vidogo visivyohesabika, kila kimoja kimezungushwa uzi ukingoni. Kofia moja huchukua majuma mengi, pengine miezi. Aivaaye hafikiri kuipima kwa rula kabla ya kulipa.

Sasa juu ya kazi yenyewe. Uzi uwe mfupi, usizidi urefu wa kutoka kiganjani hadi kwenye kiwiko, kwa kuwa kila mara upitapo katika kitambaa hulika kidogo, na mrefu hufifia kabla ya kwisha. Usitie fundo nyuma, maana katika picha ndogo fundo huonekana kama kokoto chini ya mkeka. Ficha ncha ya uzi chini ya mishono ya kwanza. Kitambaa kibanwe katika duara la mti mpaka kilie kama ngoma. (Jina la duara hilo limenisumbua sana katika kazi yangu ya kufasiri. Kila mji una lake, nami nimeshika hili.) Na fanyeni kazi asubuhi, karibu na dirisha, kabla mawingu ya mchana hayajafunga. Taa ya usiku hudanganya rangi, na macho hayanunuliwi.

Lipo jambo moja linalowahusu hasa watu wa Uasin Gishu. Hii ni nchi ya mahindi, na mikono iliyovuna na kupukuchua mahindi huwa na magamba yanayonasa hariri na kuivuta nyuzi. Shangazi alikuwa akisugua viganja kwa sukari iliyotiwa mafuta kidogo, kisha huosha na kukausha vizuri. Hata hivyo, katika miezi ya mavuno aliiweka hariri sandukuni, akadarizi pamba.

Mwaka mmoja alidarizi korongo mwenye taji, ndege yule anayesimama katika mabwawa yetu. Kitambaa chake kilikuwa cha hariri, kilichofumwa wazi kama wavu, vitundu 40 katika kila inchi. Alikipata kwa mwalimu wake wa kushona. Akaenda mjini kuiuza ile picha. Mwenye duka mmoja akaipima kwa vidole viwili, akasema ni ndogo, akatoa nusu ya bei ya kitambaa cha kiti. Shangazi akairudisha katika mkoba wake, akaja nyumbani kwa miguu.

Usiku ule aliniambia nilete kalamu, kwa kuwa nilikuwa mtoto wa shule. Vitundu 40 mara 40 ni mishono 1,600 katika inchi moja ya mraba. Picha ilikuwa inchi mbili kwa inchi moja na nusu, yaani inchi tatu za mraba: mishono 4,800. Mkono wake ulikwenda mishono kumi kwa dakika. Basi, dakika 480, ambazo ni saa nane kamili. Nilifurahia hesabu yangu. Yeye akasema, “Hujahesabu niliyofumua.” Tukaandika saa kumi na mbili.

Tangu siku hiyo bei yake ilikuwa ujira wa siku mbili za palizi, pamoja na gharama ya uzi, na kila picha alifuatanisha na kikaratasi chenye saa zake. Baadhi ya wanunuzi walicheka, wakaenda zao. Wengine walikisoma kile kikaratasi, wakaitazama picha mara ya pili, wakalipa. Sisemi kwamba alitajirika. Aliuza picha chache kwa mwaka, lakini hakuna hata moja iliyomtia hasara.

Najua mtasema kwamba ziko mashine hapa mjini zinazodarizi beji za shule kwa dakika chache. Ni kweli, na kwa beji mashine yafaa sana. Msishindane nayo katika beji.

Yule korongo hakuuzwa. Nimekuja naye katika bahasha hii. Nitampitisha kuanzia kiti cha mbele, na nawaombeni kila mtu ajifute mikono kwanza.