Ndege wa Bamvua na Sisi Wenye Kamera

(Mazungumzo yaliyotolewa Msambweni mbele ya vijana na kamati za maendeleo za vijiji. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa.)



Nimeombwa niseme juu ya kupiga picha za ndege. Najua wako waliocheka walipoona jambo hili kwenye ratiba, limewekwa kati ya somo la visima na lile la mikopo. Mzee mmoja ameniuliza pale nje, "Hao ndege, ukishawapiga picha, unawala?" Nikamwambia hapana. Akasema, "Basi hiyo ni kazi ya watu walioshiba."

Mzee hakukosea sana. Kwa miaka mingi mtu mwenye kamera ya maana hapa kwetu alikuwa mgeni wa hoteli, nasi tulikuwa wa kumbebea mkoba. Lakini tazameni leo. Kila kijana hapa ana simu yenye kamera, na wawili watatu wamenunua kamera za mtumba. Kila Jumapili mnakwenda Gazi, mnakwenda Shimba, mnarudi na picha. Kwa hiyo swali la kama tupige au tusipige limekwisha pita. Lililobaki ni kujua tunapiga vipi, na ndege pamoja na watu tuliowakuta pale wanabaki na nini tukishaondoka.

Nchi yetu ina aina zaidi ya 1,100 za ndege. Kule Nairobi, tangu mwaka 1971, mama Fleur Ng'weno alianzisha matembezi ya kutazama ndege kila Jumatano asubuhi, na vijana wengi waliopitia pale wakawa waongozaji na wataalamu. Walianza na darubini ya kuazimana na daftari. Sisi wa Kwale tuna pwani, tuna mikoko, tuna msitu wa mlimani, yote ndani ya safari ya matatu moja au mbili. Hatuna kisingizio.

Sasa nije kwenye ndege wenyewe, na hasa wale wa ufukweni, maana hao ndio ninaowahofia.

Kuanzia mwezi wa nane mnawaona vitwitwi wakishuka kwa makundi, na sululu wenye mdomo uliopinda, na yule ndege mkubwa mweupe na mweusi, mwenye mdomo mnene, anayekula kaa. Hawa si wenyeji. Yule mla kaa huzaliwa kandokando ya bahari za Arabuni, Oman na Ghuba na Bahari ya Shamu, na pia Somalia. Mama yake huchimba shimo mchangani kama panya, hutaga yai moja tu jeupe ndani ya giza, na mtoto akishakua humfuata mzazi mpaka huku kwetu, bado analilia kulishwa. Ukiwatazama vizuri pale Gazi au kwenye mchanga wa Funzi utamwona kijana mzima amesimama nyuma ya mama yake akidai kaa. (Wako watu wetu pia walio hivyo, lakini hilo si somo la leo.)

Na katika wale vitwitwi wadogo, kuna mmoja mwenye mdomo uliojipinda kidogo kwa chini, ambaye huzaliwa kaskazini kabisa ya Urusi, kwenye nchi ya barafu. Uzito wake ni karibu sawa na yai la kuku. Kutoka Msambweni hadi kwao ni zaidi ya kilomita 8,000. Ikifika mwezi wa nne anabadilika rangi, kifua chake kinakuwa chekundu kama tofali, na hapo ndipo kila mpiga picha anamtaka. Sawa, ni mzuri kweli. Lakini wakati huohuo ndipo anapokula usiku na mchana ajaze mafuta ya safari. Mafuta hayo ndiyo petroli yake.

Wavuvi waliopo hapa watanisaidia. Bamvua linapokuja, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji yetu hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa mnamo saa nne. Maji yakipwa, ndege wametawanyika mbali mno, kamera yako haiwafikii, na mvuke wa joto juu ya mchanga hufanya picha icheze kama moto. Kwa hiyo usihangaike kuwafuata kwenye matope. Njoo saa nane mchana, keti. Maji yenyewe yatawaleta. Saa tisa wako karibu, saa kumi wamebanana kwenye kipande cha mwisho cha mchanga. Na kwa kuwa pwani yetu inatazama mashariki, jua la jioni liko mgongoni mwako, linawaangaza wao. Mungu amekupangia kila kitu, kazi yako ni kukaa kimya.

Lakini kile kipande cha mwisho ndicho pia mahali pao pa pekee pa kupumzika mpaka maji yapwe. Mwenye kamera anaona kundi la mia mbili limesimama, anasema moyoni, "Wakiruka wote pamoja, hiyo ndiyo picha." Anapiga makofi. Wanaruka, anapata picha yake, wanazunguka baharini, wanarudi kwa sababu hawana pengine. Anakuja wa pili na mbwa wake. Wanaruka tena. Anakuja wa tatu na ile ndege ndogo ya kuendeshwa kwa rimoti. Kila kuruka ni mafuta yaliyochomwa bure. Hakuna atakayekufa mbele yako, ndiyo maana hatuoni ubaya wake. Atakayeishiwa nguvu ataishiwa huko juu ya jangwa au juu ya bahari.

Ndege mwenyewe hukuambia. Akila bila kujali, uko mahali pazuri. Akiinua kichwa, akaacha kula, simama hapohapo. Akianza kutembea kuondoka, rudi nyuma hatua kumi. Ukingoja aruke umeshachelewa. Na mtu aliyelala kifudifudi kwenye mchanga husogea karibu kuliko aliyesimama wima, tena picha yake hutoka nzuri zaidi, maana macho yake yako sawa na macho ya ndege. Utachafuka. Vaa nguo ya shamba.

Juu ya viota sina maneno mengi. Msivipige picha, basi. Ukikata majani ili uone vizuri, umemfungulia kunguru mlango. Sisi wenyewe tunajua kunguru wa pwani walivyo. Wala msitangaze mahali kiota kilipo. Kule Kisite, ng'ambo ya Shimoni na Wasini, wako ndege wa baharini wenye mkia wa panda ambao katika miaka fulani hutaga juu ya kile kisiwa kidogo cha matumbawe. Wapigeni kutoka kwenye mashua, msikanyage.

Sasa watu. Nilikuwa Gazi siku moja, kina mama wanarudi na vifaa vyao vya uvuvi, wamelowa hadi kifuani. Kijana mmoja, si wa hapa, aligeuza kamera kutoka kwa yangeyange akawapiga wao. Mama mmoja akasimama, akamwambia kwa upole kabisa, "Mwanangu, hata salamu hukutoa." Kijana hakuwa na la kujibu. Ndugu zangu, nchi hii ya Wadigo ni nchi ya salamu na heshima. Mtu akiwa kazini, nguo imemganda mwilini, si picha. Msalimie, mwambie unatafuta nini. Mara nyingi yeye ndiye atakayekuonyesha ndege walipo, maana yuko pale kila siku na wewe umekuja Jumapili.

Na Gazi si pori la bure. Mikoko mnayoiona imesimama kwa sababu wenyeji wa Gazi na Makongeni wanailinda. Tangu 2013, kwa mpango wa Mikoko Pamoja, wanatunza hekta 117 na kuuza hewa ya ukaa inayohifadhiwa na miti hiyo, na fedha zimekwenda kwenye maji na shule. Kina mama wana ujia wao wa mbao unaopita katikati ya mikoko, na mgeni hulipa kupita. Lipeni. Nimeona vijana wetu wakizunguka kwa nyuma ili waingie bure, kisha wanakuja hapa kuzungumza maendeleo.

Upande mwingine nao una matata yake. Kule Diani vijana wameniambia kwamba askari wa hoteli huwafukuza wanapokaa ufukweni na kamera, huku mgeni akipita bila kuulizwa. Jueni kwamba Katiba ya 2010 inasema ardhi iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa ni ardhi ya umma. Mkae chini ya alama hiyo, mzungumze kwa adabu, msigombane. Lakini msiondoke kwa kudhani mmeiba.

Kaya Kinondo ni jambo lingine. Ule ni msitu mtakatifu, na tangu mwaka 2008 umo pamoja na kaya nyingine za Mijikenda katika orodha ya urithi wa dunia. Utaingia na mwongozaji wa pale, utajifunga kitambaa cheusi kama wanavyoagiza, na utapiga picha pale tu unaporuhusiwa. Makaburi hapana. Ukisikia hondohondo juu na mwongozaji hajasimama, nawe usisimame. Msitu ule umebaki kwa sababu watu walikatazwa kuchukua hata kijiti; sioni kwa nini picha iwe na ruhusa ya peke yake.

Shimba Hills nitapita haraka, maana wengi mmefika. Ni hifadhi tangu 1968, na ndiko mahali pa pekee Kenya penye palahala. Kwa ndege, msitu wa Makadara asubuhi mapema. Kulukulu wa kijani utamsikia kabla hujamwona. Ndovu wapo, kwa hiyo hakuna kushuka garini na kuzurura ovyo, na kama mnataka kutembea kwa miguu ombeni askari wa hifadhi. Kiingilio hulipwa kwa eCitizen, na viwango hubadilika, ulizeni kabla hamjakodi gari.

Neno la vifaa. Chumvi ya bahari inaua kamera kuliko wezi. Pangusa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo ukirudi, kisha kikavu, na uweke ndani ya ndoo yenye mfuniko pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu, la sivyo ukungu utaota ndani ya lenzi. Yangeyange akiwa juani, punguza mwanga, au atatoka kama karatasi tupu. Asiye na kamera aweke simu kwenye tundu la darubini. Picha haitapendeza, lakini itatosha kumtambua ndege.

Na kutambua ndiko kwenye faida. Kuna mradi wa ramani ya ndege wa Kenya ulioanza 2013: nchi imegawanywa miraba ya karibu kilomita 9 kwa 9, na mtu yeyote anaweza kupeleka orodha ya aliowaona. Picha yenye tarehe na mahali ni ushahidi. Siku mtu akija na ramani ya kujenga juu ya mchanga wa ndege na kusema "hapa hapana kitu," ushahidi huo ndio mtakaoweka mezani, si machozi.

Baada ya mazungumzo mama mmoja aliuliza kama kijana wake anaweza kuishi kwa kazi hii. Nilimjibu hivi: kwa kuuza picha, hapana, picha za ndege zimejaa dunia nzima na wanunuzi ni wachache. Kwa kuongoza wageni, inawezekana, kama anajua maji, anajua majina, na ana subira. Mgeni hamlipi mwenye kamera kubwa. Humlipa anayejua yule mla kaa atasimama wapi saa tisa na nusu.

Safari ya kwanza ni bamvua lijalo, Gazi. Tunakutana stendi ya Ukunda saa sita mchana. Kila mtu na maji yake ya kunywa, kofia, na daftari. Darubini ziko mbili tu, tutapokezana. Mbwa wabaki nyumbani.