KWA NINI LUSHOTO NI BARIDI NA MKOMAZI NI UKAME?
(Mazungumzo kwa wanakisomo)

Leo tuzungumze juu ya upepo na milima yetu.

Ukipanda gari Mombo saa nane mchana, jasho linakutoka. Baada ya kilomita 33 hivi unashuka Lushoto, unatafuta koti. Wazee wetu walilijua jambo hili. Waliigawa nchi mara mbili: Shambaai, yaani milimani, na nyika, yaani huko chini.

Sababu ya kwanza ni urefu. Ukipanda mita 1,000, joto hupungua kama digrii 6. Mombo ipo kama mita 400 juu ya usawa wa bahari. Lushoto ipo kama mita 1,400. Haya, piga hesabu mwenyewe.

Sababu ya pili ni upepo. Upepo wa kusi na wa kaskazi hutoka baharini, umebeba mvuke. Ukifika Usambara unagonga mlima, unalazimika kupanda. Huko juu hupoa. Mvuke hugeuka matone, kama yale tunayoyaona chini ya kifuniko cha sufuria. Ndiyo mawingu, ndiyo mvua. Kwa hiyo Amani, upande unaotazama bahari, hupata karibu milimita 1,900 kwa mwaka. Upepo ukivuka mlima huwa umekwisha kutua mzigo wake. Unateremka mkavu, tena unapata joto. Ndiyo maana Mkomazi, nyuma ya mlima, haipati hata nusu ya mvua hiyo. Basi nyika haikulaaniwa, na watu wake si wavivu. Ni kazi ya upepo.

Mambo haya si ya kwetu tu. Kisiwa cha Ngazidja, huko Komoro, kina mlima wa volkano uitwao Karthala, wenye urefu wa mita 2,361. Huko upande wa magharibi ndio unaonyeshewa zaidi. Mlima wetu si wa volkano, ni mawe ya kale yaliyoinuliwa. Lakini upepo hauulizi mlima ulizaliwaje.

Sasa tuulizane: kazi yetu ni ipi? Upepo hatuuwezi. Maji yakishaanguka, hayo tunayaweza. Msitu kama Magamba hunasa ukungu, hutunza chemchemi. Tukiufyeka, mvua hushuka mbio na udongo wetu. Mkulima wa mpunga kule Mombo hutegemea maji ya mto Soni yatokayo huku juu. Tukiharibu sisi, analia yeye.

Katika miaka ya 1950 wakulima wa Lushoto waliyakataa matuta, kwa kuwa yalikuwa amri ya mkoloni. Walikataa kulazimishwa. Mwaka 1981 mradi wa SECAP ulianza wilayani kufundisha kupanda majani na miti kwa kukinga mteremko. Leo hatuna mkoloni wa kumsingizia. Shamba ni letu, na udongo ukienda hauna nauli ya kurudi.

Basi ndugu, tusilime kwenye chemchemi. Tupande majani ya ng'ombe kwenye makingo. Na kila mmoja apande mbegu inayofaa upande wake wa mlima, asimwige jirani wa upande mwingine.

Tukisoma, tutende.