Adresi tatu, mlango mmoja
Maneno ya karani kwa mkutano wa wanachama



Shirika letu lina adresi tatu za barua-pepe: ya biro, ya keshia na ya miradi. Sasa zote zinafunguka ndani ya Thunderbird, programu ya bure, kwenye ordinatere ya biro. Tushike mambo manne.

Kwanza, tumeziingiza kwa njia ya IMAP. Barua zinabaki kwenye seva: ordinatere ikiibiwa, ama tukikimbia tena, barua ziko. Lakini ukifuta moja hapa, imefutika kote.

Pili, mbele ya kutuma, angalia mstari wa mtumaji kule juu. Mfadhili akipata jibu la feza kutoka adresi asiyoijua, atafikiri ni mwizi, na ana haki.

Tatu, intaneti ikikatika, andika tu. Barua itangojea, utaituma ikirudi.

Nne, mwenye kufungua programu anasoma adresi zote tatu. Kwa hiyo ordinatere ifungwe na neno la siri, na karani akiondoka, neno libadilishwe siku ileile. Adresi si ya mtu, ni ya shirika.